Maoni ya Ndugu Yangu Kuhusu Jumuiya

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya sita ya vikao. Ukumbi uleule wa mjini, feni ileile inayozunguka bila kuleta hewa. Nimenukuu tangu saa tatu asubuhi mpaka saa kumi. Kiganja cha kulia kinauma.

Swali ni moja tu: nchi ijitoe kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki au ibaki. Kamati inasikiliza wananchi, mimi naandika kila neno. Matusi pia. Wakipiga makofi naandika Makofi. Wakicheka naandika Kicheko. Maoni yangu hakuna anayeyauliza, na nashukuru.

Leo mwenye malori amesema tukijitoa atafunga biashara. Mwenye kiwanda cha biskuti amesema tusipojitoa atafunga biashara. Wote wawili walikuwa na karatasi zilizochapwa vizuri. Wote walipigiwa makofi, na nadhani waliopiga ni walewale.

Nimefika nyumbani, mtaa wa Satellite, Wasswa anasahihisha madaftari mezani. Mume wangu ni Mganda, mtu wa Masaka. Anafundisha hesabu kwenye shule ya kibinafsi hapa Riruta, mwaka wa kumi na sita sasa. Kibali chake cha kazi ni cha Jumuiya. Jumuiya ikienda, sijui kibali kinabaki nini. Hajaniuliza kikao kilikuwaje. Sijamwambia. Tumekula, tukaosha vyombo.

Jumatano, 5 Machi

Mzee mmoja kutoka Woodley. Fimbo, koti la sufu, kofia mkononi. Alikuwa karani wa simu Kampala wakati wa ile Jumuiya ya kwanza. Ilipovunjika akarudi na mke wa huko, kitanda na mtoto wa miezi miwili. Amesema kitanda kilikuja kwa treni na hakikufika. Watu wakacheka. Hakuwa anatania. Akangoja wamalize, akaendelea: mke wake hakuwaona tena wazazi wake mpaka walipozikwa.

Kijana wa nyuma akapaza sauti, "Mzee, hiyo ni story ya kitambo."

Nimeiandika hiyo pia.

Nimekasirika na Wasswa siku nzima bila yeye kujua. Miaka kumi nimemwambia aombe uraia. Kila mwaka jibu ni lilelile, shule zikifungwa. Shule zimefungwa mara thelathini.

Ijumaa, 7 Machi

Musyoka amepiga simu saa ya chakula. Ndugu yangu mdogo, wa mwisho kwetu. Anasema Jumanne kamati ikienda Kangemi atazungumza kwa niaba ya wafugaji wa kuku. Yeye ndiye katibu wao. Ameuliza kama naweza kumweka mapema kwenye orodha. Nimemwambia orodha si yangu, mimi ni mnukuzi. Kisha akasema, "Sawa, lakini utakuwa hapo?"

Nitakuwa hapo.

Yeye na Wasswa walikuwa marafiki kabla ya kuwa mashemeji, nasahau wakati mwingine. Wasswa ndiye aliyepima mbao za banda la kwanza la Musyoka. Ndiye aliyemfundisha kupiga hesabu ya chakula cha kuku kwa wiki. Halafu mayai ya kutoka Uganda yakaanza kushushwa sokoni, ya bei ambayo Musyoka hawezi. Krismasi akasema mezani, "Mayai yenu yameniua." Wasswa akasema yeye hana kuku hata mmoja. Wakaacha kusemezana. Sasa ni Machi.

Jumapili, 9 Machi

Binti yetu Nduku amerudi kutoka kwenye mazoezi ya kwaya amenuna. Ana miaka kumi na minne, kununa ni kawaida, sikumfuata. Baadaye nikiwa nakunja nguo akaniambia kuna msichana amemuuliza kama nchi ikijitoa yeye atabaki na mama au ataenda na baba.

Nikamwambia hakuna anayeenda popote. Nimesema haraka mno. Ameniangalia vile anavyomwangalia mtu anayeuza kitu.

Jumanne, 11 Machi

Kangemi. Ukumbi umejaa hadi madirishani. Wafugaji, wauza mboga, vibarua, mama mmoja aliyekuja na trei tupu ya mayai na kuinyanyua kila mara mtu alipotaja mpaka.

Musyoka amevaa koti la harusi yake. Limekuwa kubwa. Amezungumza vizuri, lazima niandike hivyo kwa sababu ni kweli. Alianza, "Mimi ni mfugaji wa kuku. Ama tuseme nilikuwa." Hakulaani mtu. Alieleza alivyouza kuku wanaotaga kwa bei ya nyama ili apate chakula cha waliobaki, kisha akawauza waliobaki. Alieleza banda linavyonyamaza asubuhi. Nilikuwa naandika na roho inaniuma, kwa sababu sikujua. Ni ndugu yangu na sikujua kwamba banda limeisha.

Kisha mtu akapiga kelele kwamba si mayai tu, hata shule zetu zimejaa wageni. Ukumbi ukawaka. Mwenyekiti akagonga meza, akamgeukia Musyoka.

"Na hao wanaofanya kazi hapa kwa vibali vya Jumuiya, maoni ya wafugaji ni gani?"

Musyoka akanitazama. Mimi nikatazama kompyuta. Sijui kwa nini. Pengine ningemtazama asingesema.

"Waende," akasema.

Nikaandika Waende. Nikaandika Makofi.

Jumatano, 12 Machi

Video iko kila mahali. Kwenye kundi la wazazi wa shule, kundi la kanisa, kundi la ukoo. Ni sekunde chache tu, sehemu ile. Kuku hawamo.

Wasswa ameitazama mara mbili akiwa amesimama jikoni. Nilingoja aseme kitu. Akasema, "Amekonda."

Akarudi kwenye madaftari yake. Ningependa angevunja sahani.

Alhamisi, 13 Machi

Musyoka amekuja kazini. Nimemkuta kwenye ngazi za jengo saa saba, ameketi kama mtu anayengoja matokeo ya hospitali. Nilitaka kumpita. Nikaketi.

Hakuomba radhi. Alisema kumbukumbu bado ziko kwangu, hazijatiwa sahihi hadi kesho.

"Dada Mwende, wewe ndio unaandika. Toa tu hiyo neno. Nani atajua?"

"Na video je? Kila mtu anayo."

"Video itasahaulika. Yako inakaa."

Amesema kweli. Yangu inakaa. Na ningeweza, hakuna anayesikiliza rekodi upya. Nimekaa na lile wazo muda mrefu kuliko ninavyotaka kukubali. Si kwa ajili yake. Kwa ajili ya Nduku, asije akalisoma neno lile akiwa mkubwa, kwa mkono wa mama yake.

Nikamwambia siwezi. Nikitoa lake, nitatoa la yule kijana aliyempazia sauti mzee wa Woodley, nitatoa mengi sana, na mwisho nitakuwa nimeandika kikao ambacho hakikuwepo. Nikamwambia kuna njia moja. Mtu aliyetoa maoni anaweza kuandika barua kuyarekebisha, kwa jina lake, na barua inaambatanishwa.

"Wafugaji watanimaliza," akasema.

"Basi."

Akashuka ngazi. Nimechoka na hii kazi. Nimechoka na ndugu yangu. Nimechoka na mume anayesema watu wamekonda.

Jumamosi, 15 Machi

Musyoka amekuja nyumbani saa nne asubuhi bila kupiga simu. Wasswa alikuwa barazani akinoa jembe. Nikaleta chai, nikataka kuondoka, Wasswa akasema, "Mama Nduku, kaa."

Walizungumza mvua kwanza. Bei ya mahindi. Halafu Wasswa, bila kuinua kichwa:

"Uliposema waende, mimi nilikuwa ndani yao?"

Musyoka akazungusha kikombe mkononi. "Wale watu walikuwa wananingoja. Nikaona nikinyamaza watajua."

"Watajua nini?"

"Kwamba shemeji yangu ni Mganda."

Wasswa akaweka jembe chini polepole, akaingia ndani, akafunga mlango. Hakuubamiza. Musyoka alikaa na kikombe chake mpaka chai ikaweka utando juu. Kisha akaondoka. Mimi na hasira zangu zote nilitaka kumkimbilia, na sikumkimbilia.

Jumatano, 19 Machi

Barua imefika. Musyoka ameileta mwenyewe hadi kwenye dawati la mapokezi, hakupanda juu kwangu. Kurasa mbili kwa mkono, mwandiko wake wa shule ya msingi, herufi zinazoegemea nyuma.

Kuhusu mayai harudishi neno. Anataka mpaka uangaliwe, anataka mfugaji alindwe, na kama hayo hayawezekani ndani ya Jumuiya basi tutoke. Lakini kuhusu watu anasema alijibu kwa woga. Anasema mume wa dada yake ni Mganda, alimjengea banda, na hakuchukua kazi ya mtu, kwa sababu kabla yake ile shule ilikaa mwaka mzima bila mwalimu wa hesabu. Anaomba hayo yasomwe pamoja na yale.

Nimeichapa yote na makosa yake ya tahajia. Mwenyekiti ameitia sahihi bila kuisoma.

Jioni nimempa Wasswa nakala. Ameisoma akaikunja akaiweka katikati ya kitabu cha jometri. Nimeacha kungoja aseme kitu.

Ijumaa, 21 Machi

Wafugaji wamemwondoa Musyoka ukatibu. Mkewe ndiye aliyenieleza. Wamekutana bila yeye.

Ijumaa, 28 Machi

Mwalimu mkuu amemwita Wasswa. Walikaa dakika kumi. Wazazi kadhaa wameuliza, bodi ina wasiwasi, hali haijulikani itakavyokuwa, wanapendelea kutomwongezea mkataba muhula ukiisha. Wamemshukuru. Wamempa saa ya ukutani.

Bado hatujajitoa popote. Ripoti haijaandikwa. Kamati imeomba kuongezewa muda, na wananchi wanaendelea kubishana redioni asubuhi hadi jioni kuhusu kitakachotokea tukijitoa. Kwangu kimeshatokea.

Nimelia, kwa mara ya kwanza tangu hii kazi ianze. Bafuni, maji yakiwa yamefunguliwa. Wasswa alibisha mlango akauliza kama nataka taulo.

Jumatatu, 31 Machi

Wasswa ameenda idara ya uhamiaji kuchukua fomu za uraia. Amerudi saa nane. Amesema foleni ilikuwa ndefu, Waganda, Watanzania, Warundi, wote wanajuana kwa sura kufikia saa sita. Amejaza ukurasa wa kwanza. Sikusema lile neno "nilikuambia". Nilikuwa nalo hapa mdomoni.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Shule zimefungwa jana.

Saa nne Musyoka alikuwa langoni. Hakuingia. Wasswa alitoka bila mwavuli, wakasimama pale wote wawili wakinyeshewa, nami dirishani nisisikie neno. Baadaye nimeelezwa: kuna shule Uthiru inatafuta mwalimu wa hesabu, Musyoka ameulizia, ametoa jina la Wasswa. Wasswa alimwambia amesikia. Hakusema ataenda.

Halafu akamwambia aingie, analowa.

Wakaketi sebuleni. Hawakupeana mkono. Nduku akazima redio taarifa ilipoanza. Nikapika maharagwe na chapati, tukala bila mengi. Kisha wakaanza kubishana kuhusu paa la jikoni linalovuja, kama ni misumari au ni bati lenyewe, sauti za chini, sentensi moja, kimya kirefu, sentensi nyingine.

Nilijinyoosha kwenye kochi nikisema ni dakika tano. Nimeamka saa kumi na moja. Mvua imekatika, nyumba kimya, Musyoka ameshaondoka, Wasswa yuko nje na ngazi. Juu yangu kulikuwa na leso, imevutwa mpaka mabegani, miguu imeingizwa ndani vizuri.

Sikuuliza ni nani aliyenifunika.