Nyasi Mpaka Mlangoni

Dodoma,
Jumapili baada ya misa

Dada yangu Konsolata,

Shikamoo dada. Najua umeitikia marahaba huku umenuna, maana umenipigia simu wiki nzima na sikupokea. Simu haijaharibika wala haijaisha chaji. Uongo huo nimekupa mara nyingi mpaka umechakaa. Nilikuwa naitazama ikilia kiganjani mpaka inanyamaza. Leo nimeona heri niandike, kwa kuwa yuko dereva wa lori anayepita Biharamulo, na ameahidi kuiacha barua dukani kwa shemeji, pale anapouza vipuri vya baiskeli.

Mama anaendeleaje? Mguu umepungua kuvimba? Anakula, au bado anaisukuma sahani akisema ndizi za Biharamulo hazina ladha? Na wajomba zangu, hao wanao, hawajambo? Mimi mwili ni mzima. Hayo mengine utayasoma humu.

Swali lako sijalisahau. Unataka nikubali nyumba yetu ya Murusagamba iezuliwe, mabati, mlango na madirisha vipakiwe viletwe kwako, Mama ajengewe chumba chake badala ya kulala sebuleni akirukwa na watoto. Umesema hutagusa hata msumari mpaka mimi, mwana wa kiume pekee wa nyumba ile, niseme ndiyo. Umeuliza kwa haki. Ila dada, ungeniomba figo ningekujibu upesi zaidi.

Ngoja kwanza nikupe habari za kazi, univumilie kama unavyonivumilia siku zote.

Unajua nilikuwa kwenye kundi la kusafisha viwanja. Tunafika mahali ni miiba na mawe matupu, tunafyeka, tunang'oa visiki, tunazoa vifusi walivyoacha mafundi ujenzi, mifuko ya saruji, misumari iliyopinda, viatu vibovu. Ardhi ikishakuwa tupu tunahamishiwa kwingine, na wapandaji wanakuja nyuma yetu. Kwa hiyo miaka yote hii niliyokuwa nikiwatambia kwamba natengeneza bustani za wakubwa, sikuwahi kuona hata ua moja likichanua. Safari hii bosi wetu, Mama Neema, mwanamke mwenye sauti ndogo na macho makali, aliniambia nibaki mpaka mwisho. Nilijiona nimepanda cheo.

Udongo wa huku si ule unaoujua wewe. Kwetu ukitema mbegu ya papai, siku ukikumbuka unakuta mti. Huku unapiga sururu inadunda, unabaki unatazamana nayo. Tuliulowesha kwanza, tukauchimba, tukausawazisha kwa kamba na vigingi ili maji ya mvua yasisimame ukutani. Tukachimba mifereji ya mabomba, tukajenga njia ya vitofali, halafu yakaja malori ya udongo mweusi na samadi ya ng'ombe. Siku ya samadi nilisimama pale navuta pumzi kama mjinga, maana ilinuka kama zizi la jirani yetu Baba Yusta. Wenzangu wameziba pua, wananiuliza nina nini. Ningewaeleza nini? Hapa hakuna anayemjua Baba Yusta. Hakuna hata mmoja wa kusema naye Kihangaza. Nikiteleza nikasema "kurara" badala ya kulala, wanacheka kutwa nzima. Ndoto zangu ni za Kihangaza, nikiamka nahamia Kiswahili, na Jumapili kama hii, misa ikishaisha, sizungumzi na mtu mpaka kesho.

Nyumba yenyewe tunayoitengenezea bustani ni kubwa, na haina mtu ndani. Wenyewe wako Dar es Salaam, watakuwa wanakuja sikukuu. Kuna mlinzi tu getini, na yeye amegeuza kiti chake kinatazama barabara.

Siku ile ya mwisho niliyopokea simu yako, ukaniambia Baba Yusta amepita nyumbani Murusagamba akakuta nyasi zimefika mlangoni, ndiyo siku tuliyokuwa tunapanda ukoka. Unaletwa kwenye magunia, vipande vyenye mizizi. Unavipanda kimoja kimoja kwa mistari, unashindilia kwa kiganja, unamwagilia. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya tangi la maji nikikusikiliza. Nilipokata simu na kurudi, nikakuta wenzangu wameshapanda upande wa mbele wote, mpaka kizingitini.

Dada, sikufikiri. Nilichukua jembe nikazikwangua nyasi zote za mbele ya mlango. Nikavunja matawi nikayafunga yakawa fagio, nikafagia kama Mama anavyofagia, nikianzia mlangoni na kurudi kinyumenyume ili nyayo zangu mwenyewe zisibaki. Uga ukatokeza na ile mistari yake iliyopinda. Nikasimama nikautazama, na kwa mara ya kwanza tangu nifike mji huu moyo wangu ukatulia.

Haukutulia muda mrefu. Mama Neema alifika.

"Evarist, umefanya nini hapa?"

"Nimesafisha mlango, bosi."

"Nani kakwambia mlango mchafu?"

Nikamwambia, "Bosi, kwetu Ngara nyasi zikifika mlangoni watu wanajua mwenye nyumba amekufa au amehama. Mtu aliyepo hawezi kuacha mlango wake hivyo."

Aliitazama ile nyumba, madirisha yamefungwa, mapazia hayajatundikwa bado. Akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Mbona hata hawa hawapo? Panda."

Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi nilipiga magoti nikaanza kuzirudisha, mche baada ya mche, kwa mikono yangu mwenyewe. Na kadiri nilivyozidi kukaribia kizingiti ndivyo nilivyozidi kuuona mlango wetu wa Murusagamba, ule wa mbao wenye kitasa kilichong'oka ambacho Baba alikifunga kwa waya. Nikaona kama ninapanda nyasi pale. Nililia, dada. Nikasingizia vumbi, na Dodoma vumbi halikosekani.

Sasa najua kwa nini tangu siku ile naikimbia simu yako. Si mabati. Ni kwamba nyumba ile ikishaezuliwa, mtu akiniuliza kwetu ni wapi, sitakuwa na cha kumwonyesha. Hapa nimepanga chumba, kitanda na ndoo, na ukutani kalenda ya mpangaji aliyehama. Kila nilipochoka nilijiambia hapa napita tu, kwetu kupo. Kumbe kwetu kulikuwepo kwa sababu kulikuwa na mtu anayeamka alfajiri akashika fagio. Na mtu huyo yuko kwako, analala sebuleni, na nyasi zinajua hilo kuliko mimi.

Basi jibu langu ni ndiyo. Ezueni.

Lakini unisikilize, maana sasa na mimi ni fundi wa bustani, utake usitake. Kabla lori halijapakia mabati, mwambie Baba Yusta achimbue machipukizi ya migomba yetu, yale yenye majani membamba kama upanga, asikate mizizi yote. Achukue ya upande wa jikoni. Ya nyuma, pale Baba alipolala, asiyaguse, na tafadhali aendelee kupapalilia, nitamshukuru nikifika. Shemeji achimbe mashimo mapema, atie samadi, ayaache yapoe kabla ya kupanda. Labda Mama akila ndizi zake mwenyewe ataacha kuisukuma sahani.

Halafu uwanja. Uliniambia Mama anaamka akitafuta fagio na wewe unamnyang'anya, kwamba mguu utaumia, na kwamba kwako mmemwaga saruji mpaka mlangoni hakuna cha kufagia. Dada, mbele ya chumba hicho kipya msimwage saruji. Shemeji naye asije akaona picha za watu wa mjini akaleta ukoka. Mfyeke, mng'oe visiki, msawazishe, mshindilie, muache udongo mtupu, kisha mumpe Mama fagio lake. Hata akifagia amekaa kwenye kigoda, muacheni.

Umsomee barua hii kwa Kihangaza, polepole. Ile sehemu niliyolia uiruke.

Nisalimie shemeji, mwambie nimemtania tu. Wasalimie wajomba zangu na umwambie mkubwa wao asiruke tena juu ya bibi yake. Unisalimie kwa heshima mama mkwe wako aliyempokea Mama bila kununa. Baba Yusta mpe salamu za pekee, na umwambie zizi lake linasifika mpaka Dodoma.

Krismasi nitakuja. Bosi amekubali, na nimemwomba tangu sasa asije akasahau. Mimi hapo mlipohamia sijawahi kufika, lakini usihangaike kuja kunipokea stendi wala kunielekeza kwa duka na kwa kona. Nitashuka na begi langu asubuhi, nitapita taratibu nikitazama milango ya watu. Nikiona uga umefagiliwa kwa kurudi nyuma, una mistari iliyopinda na hauna hata unyayo mmoja, sitapiga hodi.

Mdogo wako,
Evarist