Chungu cha Chini ya Jiko

Maskati, 1967

Mdogo wangu Ishaq,

Sisi wazima. Binti yangu Hind keshanipita kwa Kiarabu, ananisahihisha mbele ya wageni.

Nimesoma katika barua yako habari za mtaa wa Warumi wa kale mnaouchimbua huko Libya, na chungu chenye mifupa ya kichanga mlichokitoa chini ya jiko mkakitia ghalani. Kirudisheni. Usinambie mambo ya elimu. Mama yule alimzika pale anapopika ili awe naye. Mkubwa wako wa kazi akikataa, kirudishe wewe.

Wangu aliyetoka kabla ya siku zake nilimzika uani kwetu Unguja, karibu na kisima. Sasa nyumba ile wanakaa wengine. Nnaomba atakayechimba pale awe na dada wa kumkanya.

Dadako,
Nasriya