Pipa la Mkwe na Soda za Jumamosi

Mpendwa Dada Wayua,

Naomba msaada, na naomba upesi, kwa sababu Jumamosi wageni wanakuja na mimi nimekaa na jambo moyoni mpaka hata ugali haushuki. Mimi ni mama wa hapa Jericho, nyumbani kwetu ni Bungoma lakini nimekaa Nairobi tangu niolewe. Ukiichapisha barua hii niite tu Mama Nabiswa, kina Nabiswa ni wengi, na jina la mume wangu Opicho waweza kuliacha vile lilivyo kwa sababu yeye gazeti hulifungua nyuma, akimaliza mpira analifunga.

Dada, mimi nina ulimi. Kila mtu anajua, hata mchungaji anajua. Jambo nikiliona nalisema, na likishatoka limetoka. Msichana wangu Nabiswa, anayesuka nywele hapa sokoni, amepita thelathini na bado yuko nyumbani, na sababu ni mimi. Kijana wa kwanza alikuja na viatu vimechongoka mbele, nikamuuliza kupitia mlango wa jikoni kama ameviazima, hakurudi. Wa pili alipoombea chakula aliomba mpaka mboga ikapoa, nikasema kwa sauti kwamba Mungu si kiziwi, naye hakurudi. Kwa hivyo alipokuja huyu wa tatu, Kivuva, Mkamba, karani katika ghala moja pale Industrial Area, kijana mpole, shati limepigwa pasi mpaka kwa mikono, Nabiswa alinikalisha kitandani akaniambia, "Mama, huyu nimempenda kabisa. Chochote atakacholeta, we sema asante, basi." Nikaapa. Niliapa nimeshika Biblia, si mchezo.

Na alicholeta ni pipa.

Pipa la bluu, Dada, kubwa, mtu mzima anaweza kujificha ndani, na chini limetiwa koki ya kufungulia maji ili nisiwe nainama nikichota na kikombe. Unajua maji ya huku, leo yapo kesho yamekatika, tunaishi na mitungi chini ya vitanda. Alilinunua kwa wale watu wanaouza mapipa kando ya barabara karibu na Mukuru kwa Njenga, wakamwoshea na sabuni likang'aa, akalileta na mkokoteni, yeye mwenyewe akitembea nyuma amelishikilia lisianguke, na laini yetu yote ya nyumba ikatoka nje kuangalia. Opicho ndiye aliyelipokea, maana kwa desturi yetu mimi na mkwe hatuketi pamoja tukazungumza. Mimi nilikuwa jikoni nikichungulia, na nililia kwa furaha. Wiki hiyo hiyo nikalifumia kitambaa cha kulizunguka, cheupe chenye maua ya manjano, sare na vitambaa vya viti. Nimejivunia hilo pipa mpaka kanisani.

Sasa maji ya kwanza yalikuwa na harufu, nikasema ni upya. Tukajaza tena, harufu iko pale pale, kama umeingia duka la rangi. Ukiyakinga kwenye bakuli jeupe unaona juu kuna utando unang'aa rangi rangi kama madimbwi ya gereji mvua ikinyesha. Chai ikawa inakwaruza koo. Na Opicho, mtu ambaye sukari ikipungua kidogo anaweza kuhama nyumba, anakunywa hiyo chai na kusema, "Maji ya mkwe yana nguvu." Kisha anashika tumbo na kulaumu maharagwe.

Nikaamua kuliosha mwenyewe. Nikavua kitambaa, nikalilaza, na kule chini nikakuta karatasi imegandishwa, nusu imekwanguliwa, nusu imebaki, na kwenye hiyo nusu kuna picha ya mkono wa mtu umemwagiwa kitu na unalika. Mimi sikusoma sayansi, lakini mkono naujua.

Nikarudisha kitambaa. Ndiyo, Dada, nilikirudisha, nikakivuta chini kidogo kikafunika ile picha vizuri.

Tangu hapo nachemsha maji mara mbili na kuyakamulia ndimu. Mimi mwenyewe, nitasema ukweli, nina mtungi wangu wa maji ya mfereji, yametoka bombani bila kupitia pipa, nyuma ya kitanda, nakunywa hayo. Opicho nilijaribu kumpa, akakataa, akasema yeye ana mkwe. Lakini kinachonikosesha raha zaidi ni Mideva. Mideva ni jirani, anauza uji wa wimbi pale kwa geti asubuhi, wateja wake ni watu wanaotembea kwenda kazi Industrial Area na watoto wa shule. Mfereji ukikauka anakuja kwangu na mtungi kuchota, na mimi nitamnyima kwa sababu gani, mtu aliyenisikia nikilisifu hilo pipa asubuhi na jioni? Juzi ameniambia wateja wanalalamika tumbo, na mtoto mmoja alitapika njiani kabla hajafika shule. Amegombana na muuza unga. Amehama mpaka kwa muuza unga mwingine. Mimi nimesimama pale, nimebeba ufagio, nasema pole.

Na Jumamosi wazee wa kina Kivuva wanakuja kuzungumzia mahari. Kivuva amewaambia habari za pipa, mama yake anataka kuliona, na wazee wamesema lazima wanywe chai ya maji ya pipa. Nimeagiza soda kreti kadhaa, nitasema jua ni kali, chai haifai.

Nikisema sasa, watu wa kwetu watasema nimemrudishia mkwe zawadi yake, na hiyo ni kumwambia achukue vitu vyake aende. Na Nabiswa akisikia atasema, "Mama, umeanza tena." Kwa hivyo nauliza, Dada, nikinyamaza mpaka harusi ipite, halafu niseme polepole tukishakuwa watu wa nyumba moja, nitakuwa nimekosea? Maisha yangu yote nimelaumiwa kwa kusema. Sasa nimefunga mdomo, na sijawahi kujisikia vibaya namna hii.

Wako,
Mama Nabiswa, Jericho

*

Mama Nabiswa,

Kabla hujasoma mstari wa pili, nenda ukafunge hiyo koki. Kama kuna waya wa kuifungia, ifunge na waya. Nakungoja.

Umerudi? Haya. Nilipofika kwa kijana wa viatu nilicheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaja kuuliza nimeandikiwa nini. Nikamsomea ile ya kuombea chakula, tukacheka wawili. Halafu tukafika kwa kitambaa na hakuna aliyecheka. Mama, wewe uliona mkono unalika, ukavuta maua ya manjano yakaufunika. Hapo ndipo ulipokosea, si kwenye ulimi.

Na usiniambie hukuwa na uhakika. Wazee umewaagizia soda. Mwenyewe una mtungi nyuma ya kitanda. Mtu asiyejua kama maji ni mabaya haagizi soda kreti kadhaa. Jibu ulikuwa nalo kabla hujanunua kalamu. Mkwe umemkinga, mama yake umemkinga, koo lako umelikinga, na mtoto wa watu anayekwenda shule amepewa kikombe cha uji akatapika njiani. Huyo ndiye hakuwa na mtu wa kumfunikia.

Nimemaliza kugomba, au karibu. Sasa sikiliza, na mambo ya ndimu uachie samaki. Kuchemsha kunaua vijidudu, na hapo ni vizuri uendelee kuchemsha maji yako ya mfereji kila siku. Lakini kemikali si kijidudu, haifi. Unachemsha, maji yanapungua kwa mvuke, nyingi yake inabaki pale kwenye sufuria. Na sabuni ya wale wauzaji ilisafisha kwa juu tu. Plastiki hunyonya kilichokaa ndani yake miezi na miezi, kisha hukitoa kidogo kidogo kila unapoijaza maji. Pipa lililobeba sharubati na lililobeba asidi yote ni ya bluu, yote yanang'aa. Ukiuliza lilibeba nini na muuzaji akaanza kukusifia rangi, liache pale pale.

Leo, si kesho, nenda kwa Mideva kabla hajawasha jiko. Usitume mtoto, usitume ujumbe kwa simu. Mwambie ulichokiona chini ya pipa na ni lini ulikiona. Atakufokea, na atakuwa na haki. Mwache afoke mpaka amalize, wewe kati ya watu wote unajua mtu akishasema yake hupoa. Uji na maji aliyoyaweka avimwage, sufuria na mitungi aisugue kwa maji mengine. Muulize yule mtoto ni wa nani, muende wote wawili kwa mzazi wake. Halafu mkitoka huko mpitie kwa yule muuza unga wa kwanza mkamwombe msamaha, maskini, alitukanwa bure.

Opicho aende kliniki na tumbo lake, na huyo mtoto pia, na mteja mwingine yeyote anayeumwa. Piga picha ile karatasi na simu uende nayo, kwa sababu daktari hawezi kubahatisha kilichokuwa ndani. Picha hiyo hiyo mpelekee afisa wa afya wa eneo lenu na umwambie mapipa yanauzwa wapi. Lako si la mwisho, na kuna mama mwingine huko anafuma kitambaa.

Pipa lenyewe usiliuze wala usimpe mtu, litarudi mtaani likiwa zawadi ya mkwe mwingine. Usipandie sukuma ndani yake, usilowekee nguo. Maji yaliyomo usimwagie mboga. Muulize afisa pa kulipeleka, na mpaka siku hiyo litobolewe chini kwa msumari, msumari baridi, moto usisogezwe karibu, ili asitokee mtu wa kulijaza.

Sasa tuje kwa kinachokutisha. Uliapa kusema asante. Umeshasema asante. Hukuapa kunywa.

Na desturi haikukatazi kitu. Wewe usizungumze na mkwe, sawa, iheshimu. Lakini una mume, na mpaka sasa kazi ya mdomo wake katika jambo hili imekuwa kunywa chai tu. Mwambie Opicho amwite Kivuva kabla ya Jumamosi, wakae wanaume wawili, amwambie hivi: "Kijana, ulitufikiria tukiwa na shida ya maji, na hilo hatutalisahau. Lakini waliokuuzia walikudanganya, hili pipa limebeba sumu na limeanza kutuumiza. Tumekuita wewe kwanza usije ukasikia mtaani." Asipunguze wala asiongeze, na hasa asiongeze. Hapo hamjarudisha zawadi. Hapo mmemwambia mtoto wenu habari mbaya, na habari mbaya huambiwa mtu wa nyumbani.

Nabiswa mwambie wewe mwenyewe, leo jioni, na umwonyeshe ile karatasi. Akisema umeanza tena, mwambie la, safari hii ulichelewa kuanza.

Je, Kivuva atakimbia? Simjui. Ninachojua ni kwamba mtu aliyetembea nyuma ya mkokoteni toka Mukuru mpaka Jericho, mtaa mzima umetoka nje kumwangalia, amekumbatia pipa kama mtu aliyeshika mgonjwa, haogopi aibu kirahisi. Mimi namwekea matumaini. Na kama anaweza kumwacha Nabiswa kwa sababu wewe mama yake ulikataa watoto wa jirani wanyweshwe sumu, basi mshukuru hilo pipa kwa kukuonyesha mapema, ingawa sidhani itafika huko. Viatu vyake hujavitaja hata mara moja katika barua hii. Nimeona umempenda.

Soda zirudishe dukani, hizo zinarudishwa bila mtu kukasirika. Mimi pia ni Mkamba, na nakuhakikishia wazee wetu hawajatoka walikotoka kuja kupewa soda saa ya chai. Wapikie chai, maji ya mfereji, kutoka ile mitungi ya zamani ya chini ya vitanda, yachemke sawasawa, majani usibane. Mwalike Mideva akusaidie jikoni, kama atakuwa ameshaanza kukusemesha. Na kikombe cha kwanza kabisa kutoka sufuria hiyo mnywe nyinyi wawili, wewe na yeye, kabla chai haijapelekwa kwa mgeni yeyote.

Dada Wayua