Mipeasi Mitatu kwenye Shamba la Felista

Jumatatu, 3 Machi

Chai bila sukari. Imekwisha na sijateremka sokoni. Ukungu hadi saa nne. Nimepalilia matuta mawili ya karoti, mgongo ukagoma.

Nimeikagua miche mitatu ya mpeasi niliyopanda Ijumaa chini ya nyumba, kando ya kaburi la Felista. Yote imeshika. Ule wa kati una majani mapya mawili.

Wiki ya nane bila mke wangu. Bado natoa vikombe viwili.

Jumanne, 4 Machi

Shemeji Pius, mdogo wake Felista, alipita asubuhi akienda kupakia kabichi. Alisimama mbele ya miche, kofia mkononi.

"Shemeji, hii kapanda nani?"

"Mimi."

Hakuingia ndani. Kwa miaka arobaini na tatu hajawahi kuupita mlango huu bila kuonja kitu. Kabla hajafika konani nilishajua nimefanya nini.

Alhamisi, 6 Machi

Ujumbe umekuja: kikao cha ukoo, Jumapili baada ya misa, hapa uani. Jambo ni miti ya Mwalimu. Mwalimu ni mimi.

Nilikuwa najua. Ndilo linaloniuma. Hapa Mgeta ardhi hufuata mama. Mwanamume mgeni huoa, akahamia, akalima shamba la ukoo wa mkewe. Maharage, njegere, kabichi, apande atakavyo. Vyote huvunwa vikaisha. Mti hubaki. Anayeupanda anatangaza kwamba hapa ni pake. Felista alinieleza mwaka wa kwanza, na kila mparachichi uliopo hapa aliupanda kwa mkono wake. Kazi yangu ilikuwa kuchimba mashimo.

Nilitaka tu kaburi lipate kivuli. Nilichimba mashimo kama kawaida, nikageuka kumpa Felista mche. Hakuwepo. Nikapanda mwenyewe.

Sasa wanaweza kuniondoa. Nina miaka sabini na minne. Kwetu Karagwe kibanja cha baba, shamba lake la migomba, kilimwendea kaka yangu, naye alikiuza zamani. Sina hata mgomba.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua kutwa. Sijala.

Nimeshusha kamusi yangu ya asili za maneno ya Kiingereza, ile iliyoliwa jalada na mchwa. Nimefungua husband. Niliandika neno hilo ubaoni miaka thelathini: husband, mume. Wanafunzi walinakili, tukaendelea na wife. Sikuwahi kuwaambia limetoka wapi.

Lililetwa Uingereza na watu wa kaskazini ya Ulaya, wale mabaharia wa kale. Ni maneno mawili yaliyounganishwa: nyumba, na mtu akaaye humo, mwenye makao yake. Mwanzoni halikuwa na mke ndani yake. Nyumba ilitangulia, mke akafuata. Kwa njia nyingine likawa jina la mkulima. Likawa pia kitendo: kutunza kidogo kilichopo kisiishe.

Nimefunga kitabu kwa hasira. Kwa kipimo cha hao mabaharia sijawahi kuwa mume hata siku moja. Niliishi kwa mke. Na niliishi vizuri.

Jumamosi, 8 Machi

Prisca, binti yetu, amepanda kutoka mjini Morogoro. Kaja na sukari. Kamlilia mama yake kaburini, kisha kanigombeza.

"Baba jamani, si ungenipigia! Ningekuja nipande mimi."

Kweli. Yeye ni wa ukoo wa mama yake. Mtoto niliyembeba mgongoni ana haki hapa, mimi sina.

Akanipa moyo: wakinitoa, kwake Kihonda kuna chumba cha uani. "Usiogope. Shamba halitoki, ni la kwetu." Akasikia alichosema. Akainamia mchicha, akachambua hadi mabua.

Naogopa chumba hicho. Hakina mlima dirishani, na Felista yuko huku.

Jumapili, 9 Machi

Wamekuja kumi na wanne. Nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango, kama mkwe mpya.

Mpwa mmoja wa Felista, kijana wa malori, alianza bila salamu ndefu. Mke hayupo tena, mgeni anakaa kwa nani? Mwingine akauliza kama Mwalimu anataka kuifundisha miti kusoma. Walicheka. Pius hakucheka. Hakunitetea pia. Nilimchukia kwa dakika kadhaa.

Nilisema nilikosea. Prisca alisema nyumba anaitaka yeye, na baba yake akae humo. Kijana wa malori akasema leo nyumba, kesho shamba.

Bibi Agatha, mama mkubwa wa Felista, ndiye mwenye neno la mwisho. Haoni vizuri tena. Alinigeuzia uso.

"Mkwe, kwenu hakuna udongo?"

"Hakuna tena, mama."

Kisha akaamua. Nyumba ya Prisca. Mkwe atakaa. Lakini miti aing'oe mwenyewe, kwa mkono wake, kesho kabla umande haujakauka. Asipoing'oa, afunge mizigo.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeing'oa. Udongo ulikuwa laini, mizizi ilitoka mizima. Nimeilaza kwenye nyasi, vichwa vyake vikielekea kaburi. Nikalia kama mtoto.

Pius alitokea njia ya juu na jembe begani.

"Umeng'oa?"

"Nimeng'oa."

"Yote?"

"Si unaona?"

Alihesabu hata hivyo. Akaokota mche wa kwanza, akaurudisha kwenye shimo lilelile, akafukia, akashindilia kwa kisigino. Wa pili. Wa tatu.

"Hii kaipanda Pius," akasema. "Atakayeuliza, mwambie. Maji utamwagilia wewe, mimi nakaa mbali."

Kisha akaingia ndani, akauliza chai iko wapi. Alitia vijiko vinne vya sukari.

Alhamisi, 13 Machi

Prisca karudi mjini. Jua kidogo mchana. Kamusi nimeirudisha rafuni.

Mche wa kati umepoteza majani mawili. Mingine imesimama. Mpeasi huchelewa kuzaa. Sidhani kama nitazila hizo peasi.

Jioni nimemwagilia. Makopo mawili kila mmoja.