Kiuno Changu na Duara la Springi

Kwako binti yangu wa mbali,

Pokea salamu za baba yako, bingwa wa dansi. Juzi niliwagaragaza vijana wote pale karakana wanapochezea dansi. Haya, nisikudanganye: nilicheza kidogo tu, kiuno kikakwama, na sasa nakuandikia nimelala.

Bingwa wa kweli ni Springi, binti wa kaka yako. Wanafungulia muziki wa kompyuta usio na gitaa wala mwimbaji, besi tupu, mpaka meno yangu mawili yanagongana. Kila mtu anaingia katikati ya duara na kubuni mtindo wake papo hapo. Springi akiingia, utadhani hana mifupa.

Kaka yako ameapa kwamba akimkuta hapo tena, anamwachisha chuo. Hiyo juzi, Jumapili mchana, nikamwona kaka yako mlangoni, na Springi yuko katikati, amempa mgongo.  Nikaingia mbele yake, nikaanza kujinyonganyonga. Vijana wakavunjika mbavu.

"Baba, unanitia aibu," kaka yako akaninong'oneza, amekunja ngumi.

"Tulia, bado sijafika kwenye kuruka."

Springi akapenya nyuma ya spika, akatoweka. Lakini kaka yako ameanza kunishuku.

Fainali ya mashindano ya dansi ya Springi ni Jumamosi saa nane mchana, nami siwezi hata kukaa, sembuse kumzuia kaka yako tena. Saa hiyo mpigie kaka yako, umlalamikie kuhusu mumeo mpaka simu iishe chaji. Usikatae. Ulipotoroka kwenda kwa huyo mumeo, nani alimwambia mama yako kwamba umekwenda kliniki?

Ni mimi,
Baba yako