Wananiuliza Nani Kanituma

Shikamoo mama,

Nisamehe kukawia kuandika. Jioni nasinzia na kalamu mkononi. Huku Ulyankulu familia zilizotoka Burundi zamani haziniamini. Nawauliza walivyopatana na majirani, kwa ajili ya masomo yangu ya amani chuoni. Wao wananiuliza nani kanituma. Jana mama mmoja alinikaribisha muhogo, nikamwambia nimeacha mtoto mchanga kwako, akasema, "Mwenye mtoto anayenyonya hamwachi akaja kuchokonoa ugomvi wa watu. Wewe mpelelezi." Nikamwonyesha picha ya Neema wangu kwenye simu. "Picha ya mtoto hata kuazima unaweza, binti." Asiponikubali huyu, wengine hawasemi, nami nitarudi mikono mitupu.

Mbusu Neema, ila usimdekeze. Nitumie kanga mbili, dawa yangu ya kichwa, na ile picha ya ubatizo, nimempakata, padri kasimama pembeni.