Mama na Ngedere

Rosettenville, 3 Machi 2025

Mwanangu Valeria,
Mimi mzima, mgongo tu. Kifua chako je? Songea mvua ipo?
Nimepata kibarua makumbusho hapa Johannesburg. Paa lao linavuja, wanauza picha wapate hela ya kuezeka. Picha ndogo zote, kama kiganja. Wanyama, na wachunga ng'ombe wa Marekani, kofia pana, juu ya farasi. Mimi nazitundika. Eish! Mtu kachora jicho la swala na kope zake, mahali padogo kama punje ya mtama. Natazama mpaka Thabo, msimamizi, anipigie kelele.
Nimemwambia unachora mabango ya maduka. Kasema anayetaka kuchangia picha alete. Chora mnyama. Mpe Mussa wa lori, anakuja huku; barua tuendelee kwa simu.
Baba yako

Songea, 19 Machi

Shikamoo baba,
Kifua kimepona, mvua imezidi. Usibebe makasha kama kijana.
Simba sijawahi kumwona, nitamchoraje? Nimechora ngedere wetu. Na mtu mmoja. Mussa anayo, ndani ya kopo la maziwa.
Usiniambie ni nzuri. Hata bango la kinyozi nililokosea masikio ulilisifu. Nataka kujua kama mtu asiyenijua ataitaka.
Mwanao

Rosettenville, 7 Aprili

Valeria,
Hujambo? Mimi sijui nikoje.
Hukusema ni mama yako. Yuko shambani, kanga kiunoni, mfuniko wa sufuria mkononi, anafukuza ngedere. Mguu mmoja hewani. Mgongo ni wake. Ngedere kashika hindi, anamcheka. Nikakaa juu ya kasha. Thabo akasema, "Madala," ndivyo wanavyoita mzee hapa, "unaumwa?" Nikamwambia, "Mke wangu huyu." Akatazama. "Yho! Mama ana mbio huyu!"
Ipo ukutani, kati ya chui na mpanda farasi. Inawazidi. Kesho naitoa. Kwenye picha za simu mama yako kasimama kama anasubiri polisi. Hapa ndiyo yeye. Haiuzwi.
Baba

Songea, 8 Aprili

Shikamoo baba,
Pole. Ningekuambia, ungenikataza.
Nakuomba usiitoe. Tangu tumzike mama naandika "Soda Baridi" ukutani, basi. Hii ndiyo kazi yangu ya kwanza. Ukiificha chini ya godoro, itakuwa imeonwa na baba tu. Na mama hakuwa wa kufichwa. Akitukana ngedere, mpaka barabarani walisikia.
Mwanao

Songea, 14 Aprili

Baba, shikamoo. Uko salama? Kama umeitoa, sema tu.
Mwanao

Rosettenville, 16 Aprili

Mwanangu,
Mimi mzima. Nilikuwa na hasira, imekwisha.
Niliitoa. Nikairudisha. Siku ya mauzo nikasimama karibu, ufagio mkononi. Watu wanakimbilia chui. Akaja Mkongo, Mama Thérèse, ana saluni Randburg. Akainama. Akacheka, watu wote wakageuka. Akaniuliza, "Alimukamata huyu ngedere?"
"Hata siku moja."
"Unamujua?"
"Mke wangu. Amefariki."
Akasema, "Basi baba, beba wewe. Mimi naacha."
Mkono wangu ulishafika kwenye msumari. Nikasema, "Chukua, mama. Binti yangu kaileta iuzwe."
Nikaifunga mwenyewe. Ataitundika saluni, mbele ya wanaosukwa.
Ulitaka kujua. Hakujui, na ameitaka. Mimi pia naitaka, lakini mimi baba, sihesabiwi.
Chora nyingine.
Baba yako